Neno la Tatu

Mama alisikia kwamba navaa risasi,
mkono ukamganda juu ya jamvi la karafuu.
"Risasi? Mwanangu, chuo gani hicho?"
Risasi ya kukinga, mama, si ya kuua.
Koti zito la kijani, lina jasho la walionitangulia,
likinikaa mabegani natembea kama mwenye mimba ya pacha.

Chake Chake, chumba nambari tisa.
Taa nyekundu juu ya mlango,
na karatasi iliyobandikwa kwa plasta ya vidonda:
UKIWA NA MIMBA, SEMA.
Humo ndimo nilimofundishwa maneno matatu.
Niliyaandika daftarini, nikayapigia mstari:
Vuta pumzi.
Izuie.
Pumua.
Nikajiuliza, haya nayo ni ya kusomea miaka mitatu?

Bi Kazija hafundishi kwa sauti.
Hukugusa kiwiko tu, ukajua umekosea.
Mabega mbele, mabapa yatoke njiani, kidevu juu.
"Na beji yako ya mionzi? Umeificha chini ya ushungi,
ipime nini huko, udi?"
Anazijua mbavu za kisiwa hiki
kama wengine wanavyojua nyuso za sokoni.
Siku moja, Machomane, alisalimiwa na mtu,
jina lisimjie,
ukamjia ufa wa ubavu wa saba.

Bibi mmoja wa Ziwani alikuja na wanja machoni,
kanga mpya, bado ina mikunjo ya dukani.
"Nitoe vizuri, nitampelekea mwanangu Maskati."
Ningemwambiaje kwamba picha yetu haichukui wanja?
Nikamtoa pini moja ya ushungi,
nikamwambia kapendeza.
Na kweli kapendeza:
mapafu mawili meusi, safi,
na moyo umejilaza kushoto kama paka.

Kisha msimu ukaingia, wakaanza kuletwa wanaoanguka.
Faki wa Mtambile, miaka kumi na tisa,
majani bado nywelini,
vidole vinanukia mkarafuu uliomtupa.
Nikamwambia vuta pumzi. Akavuta, uso ukajikunja.
Nikamwambia izuie.
Nikabonyeza.
Nikageukia skrini kutazama nilichokipata:
ncha zote mbili za mapafu zimo, sijakata kitu,
mitulinga iko sawa kama mizani ya duka.
Nikafurahi, wallahi, nikafurahi kitoto.

Upande wa pili wa kioo Faki alikuwa ameizuia bado.
Mishipa imemsimama shingoni, macho yamemtoka,
kiganja kimebana ubavu uliovunjika.
Mtiifu.
Ananingoja mimi.

Siku hiyo Bi Kazija hakunigusa kiwiko.
"Pumua, baba! Pumua!"
Sauti yake ilifika hadi kwenye benchi la nje.
Kisha, polepole, bila kunitazama:
"Umeazima pumzi ya mtu. Irudishe."

Usiku, dakhalia, nilimsimulia Salhina.
Yeye kachagua upande wa oksijeni,
anahesabu vifua vya vichanga kwa saa ya mkononi.
Nilidhani atanicheka.
Alininyooshea kiganja chake:
jioni umeme ulikatika, jenereta likagoma,
wakashika mfuko wa hewa kwa zamu, dakika kumi na nne,
bonyeza, achia, bonyeza, achia.
Mtoto kalala salama.
Kiganja kilikuwa bado kinafumba, kinafumbua,
hakijaambiwa kwamba kazi imekwisha.

Mtihani ni Jumatatu.
Kilovolti bado zinanichanganya,
na jina la mfupa mmoja wa mkono kila asubuhi hunitoroka.
Lakini neno la tatu nalisema hata pasipo mgonjwa,
naliambia ndoo ikijaa, naliambia mlango.

Jana mama kapiga tena. Kauliza ada ya muhula.
Nikamtajia.
Akanyamaza, najua anapiga hesabu ya pishi,
bei ya mwaka huu, deni la duka.
Kimya kikawa kirefu,
hata mkwaruzo wa karafuu jamvini siusikii.

Pumua, mama.